Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu, hapa kando ya mwalo wa Igombe, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, ambapo harufu ya dagaa hufika darasani kabla ya mwalimu.

Klabu yetu ilianza kwa swali la mtoto wa darasa la kwanza: "Mbingu inaanzia wapi?" Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana hakuna aliyejua. Leo tunamjibu: inaanzia kwenye kisigino chako. Hewa inayokigusa ndiyo hiyohiyo inayopanda hadi kwenye mawingu na kuyapita, ikizidi kuwa nyepesi. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na iliyobaki karibu yote ni agoni.

Tulipima darasa la sita: urefu mita 8, upana 6, kimo 3. Mwalimu akatusaidia hesabu, tukakuta hewa iliyomo ina karibu kilo 150. Hilo ni gunia la mahindi na nusu! Tangu siku hiyo kuna mwenzetu huingia darasani ameinama.

Tulichemsha maji pia. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa inayotukandamiza ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, na maji huchemka kabla ya nyuzi 100. Ya kwetu yalichemka kwenye 96. Mpishi wa shule akasema ndiyo maana maharage yanachelewa kuiva. Mwalimu akasema labda ni maharage yenyewe. Kesi hiyo bado iko jikoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya rangi. Nusu ya klabu ilishikilia kwamba mbingu ni ya bluu kwa sababu imeliiga ziwa. Msichana wa darasa la tano akauliza, "Dodoma wana ziwa gani? Na magugu maji yakifunika ufuko, mbona mbingu haiwi kijani?" Tukaweka matone ya maziwa kwenye glasi ya maji na kuimulika kwa tochi gizani. Ukitazama ubavuni unaona ubluu. Ukitazama tochi kupitia maji inaelekea rangi ya chungwa. Hewa nayo huutawanya mwanga wa bluu wa jua kuliko mwekundu, ndipo bluu ikatufikia kutoka kila upande. Jua likishuka upande wa Sengerema, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi, bluu ikapotelea njiani, nasi tukabakiwa na wekundu.

Tulichojifunza kwa hamu kuliko vyote ni radi, kwa kuwa baba zetu wengi huvua dagaa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo ukatoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa, maji yakabaki na joto. Upepo hugeuka, ukatoka kandokando na kukutana ziwani, na hewa yenye mvuke ikapanda hadi kuwa mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba nyingi huwakuta wavuvi usiku na alfajiri. Sasa hata wadogo zetu huhesabu sekunde kutoka mwako hadi ngurumo, wakagawanya kwa 3 kupata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, wanaingia ndani bila kuitwa.

Changamoto zetu ni chache. Mvua tunaipima kwa kopo lililokatwa. Themometa tuliyonayo ni ya kuazima. Yetu ilivunjika, na aliyeivunja ndiye anayekusomea risala hii.

Tunaomba kipimamvua kimoja, themometa mbili na ubao wa kuandika hali ya hewa, tuusimamishe mwaloni, pale mitumbwi inapotokea jioni.

Naomba kuwasilisha.