Afya ya Ndoa kwa Wazee Wetu: Risala ya Wahitimu wa Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na walezi wetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wahitimu wenzangu, ninakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Risala ya leo inahusu jambo moja tu tulilokutana nalo katika mafunzo kwa vitendo, yaani afya ya kujamiiana kwa wazee na ukimya wetu sisi tunaowahudumia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Anapofika dirisha la wazee tunampima presha na sukari, tunamwita babu au bibi, na kwa heshima hiyohiyo tunaogopa kumuuliza kama ana mwenza, kama anapata maumivu wakati wa tendo la ndoa, au kama amewahi kupima VVU. Bibi mmoja alikuja mara tatu akilalamikia kiuno, na mara ya tatu ndipo alipomnong'oneza mwenzetu nyuma ya pazia kwamba maumivu hayakuwa ya kiuno. Lilikuwa tatizo la ukavu ukeni, linalowapata wanawake wengi baada ya hedhi kukoma, ambalo lina tiba, na ambalo likiachwa huleta michubuko inayorahisisha maambukizi. Aliteseka muda wote huo kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Akina babu nao, kisukari na baadhi ya dawa za presha huwapunguzia nguvu za kiume. Asiyeelezwa hivyo huacha dawa kimyakimya, au hununua mtaani vidonge vya kuongeza nguvu, ambavyo vikikutana na dawa za moyo za kundi la naitreti huweza kushusha presha hadi kuua.

Kuhusu VVU, tafiti za kitaifa za 2003-04, 2007-08 na 2011-12 ziliwapima watu wazima wa miaka 15 hadi 49. Wazee walijumuishwa katika utafiti wa 2016-17. Lakini walioanza ARV za bure mwaka 2004 wakiwa na miaka arobaini na kitu, leo wamevuka 60, na wana haki ya kuzeeka na wenza wao bila kusutwa. Mzee akikonda, akichoka na kusahau, tunasema ni uzee kabla ya kupima. Tunakiri kwa uchungu kwamba nasi tumefanya hivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kupatikana kwa chumba cha faragha karibu na dirisha la wazee katika hospitali tunayofanyia mafunzo, kwani maswali haya hayaulizwi mbele ya foleni. Tunaomba pia wadogo zetu wanaobaki chuoni wapangiwe vipindi vya kujizoeza mazungumzo hayo, wakifundishwa na wauguzi wastaafu, ambao ni wazee na wanajua yanavyouma. Sisi tumekubaliana kwamba popote tutakapopangiwa, mzee ataulizwa kwa lugha ya staha, faraghani, na atakapojibu hakuna atakayemcheka.

Naomba kuwasilisha.