Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mkutano Mkuu, Kisumu

Ndugu wanachama, wanakamati wenzangu na wageni wetu waalikwa,

Kwa mujibu wa katiba nawasilisha taarifa ya mwaka unaoisha ya chama chetu cha michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo kila mchezaji huigiza mhusika wake, msimamizi huongoza hadithi, na dadu huamua matokeo. Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana Jumamosi mbili kila mwezi ukumbini Milimani, tukawafunza wachezaji wapya, tukafanya siku ya vijana Dunga, na ingawa mvua ilitunyeshea, ilifana. Kabati la vitabu lina kufuli jipya.

Sasa niingie kwenye lililotugawa, yaani uamuzi wa kamati wa mwezi Mei kuwapa wapiganaji, wahusika wasio na uchawi, kadi za mbinu za kuchagua zamu yao ikifika. Maneno mengi yamesemwa kwenye kikundi cha WhatsApp, mengine usiku wa manane, mengine yakinitaja kwa jina. Nilinyamaza makusudi ili nijibu hapa, mbele ya wote.

Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe mchezo wa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, mpiganaji yupo mezani pamoja na mchawi, lakini hawakui sawa. Chukueni sheria za mwaka 2014, ambazo ndizo tunazozitumia. Mhusika hupanda ngazi kadiri anavyopata uzoefu. Katika ngazi ya 5 mchawi anapata mpira wa moto: dadu 8 za pande 6 kwa kila aliye ndani ya futi 20 kutoka pale unapolipukia. Ngazi hiyo hiyo mpiganaji anaongezewa pigo la pili. Kufikia ngazi ya 17 mchawi anaweza kutamka analolitaka na likawa. Mpiganaji akihangaika hadi ngazi ya 20 anapata pigo la nne.

Mwezi Februari nilikuwa nasimamia meza moja. Ndugu yetu aliyecheza mpiganaji alisubiri zamu yake akitafuna njugu huku mchawi akipekua kitabu, akiuliza maswali, akipima umbali. Zamu ikamfikia. Akasema, "Napiga," akarusha dadu, akahesabu. Mzunguko uliofuata, "Napiga tena." Wa tatu alitoka nje kupokea simu, na jirani yake akamrushia dadu, na mchezo haukubadilika hata kidogo. Hilo liliniuma. Majeraha anayotoa mpiganaji si haba, na waliotuletea hesabu zao kuthibitisha hivyo walijisumbua bure. Tatizo ni kwamba mchezaji wake hana la kuamua.

Ndipo mimi na wanakamati wawili tukakaa kuandika kadi. Rasimu ya kwanza niliiandika mwenyewe, na karatasi na wino vilitoka mfukoni mwangu. Kila mpiganaji ana pumzi 4. Kila mbinu inagharimu pumzi, na pumzi hurudi akipumzika. Hatukulitoa hewani: katika sheria hizo hizo za 2014 kuna aina ya mpiganaji anayeanza na dadu 4 za ziada za pande 8 kwa ajili ya mbinu zake, zinazorudi baada ya mapumziko mafupi. Tulichofanya ni kumpa kila mpiganaji kilichokuwa cha mmoja. Hata waandishi wenyewe waliliona pengo, ndiyo maana marekebisho ya 2024 yameipa kila silaha umahiri wake, nyingine kusukuma, nyingine kuangusha.

Wapo walioniambia tungefuata toleo la mchezo huo la 2008, ambapo mbinu nyingine hutumika mara moja tu kwa siku. Nilikataa na bado nakataa. Mchawi akiishiwa na uchawi wake wa siku, tunaelewa. Lakini mtu aliyempiga mwenzake ngwara asubuhi, nani amemwondolea mguu wake jioni? Kuchoka kila mtu anakujua, kuanzia mcheza mieleka hadi mvuvi anayevuta wavu.

Malalamiko ya pili yalikuwa kwamba kadi zetu ni uchawi uliobadilishwa jina. Someni basi kadi ya Kuziba Njia: ukiwa na mkuki au ngao, lipa pumzi 1, na adui anayejaribu kukupita ndani ya urefu wa mkuki wako asimame hapo hapo akishindwa dadu. Uchawi uko wapi? Mwezi Julai dada mmoja aliitumia kwenye mlango wa boma, akazuia wavamizi watatu mpaka wenzake wakavuka mto, na meza nzima ikasimama kumshangilia. Mpiganaji!

Ugomvi mkubwa ulitokana na Luanda Magere, shujaa wa simulizi za Waluo. Baadhi yenu mlitaka mwili wake wa jiwe uwe kadi ya mpiganaji, na kamati ilipokataa ikaambiwa inadharau mila. Mimi nimekua nikisimuliwa habari za Luanda Magere, siwezi kumdharau. Lakini mwili usiopenywa na mkuki haufundishwi wala hautokani na mazoezi. Mtazameni upande wa pili wa simulizi: maadui zake hawakuwa na mwili wa namna hiyo. Walimwoza binti yao, binti akagundua kwamba nguvu za mume wake zimo kivulini, na mkuki mmoja ukatosha. Waliotumia mbinu ni hao. Kutokana nao tukaandika kadi ya Kumsoma Adui, na naiona ndiyo bora kuliko zote: mpiganaji akimchunguza mtu kwa utulivu kabla ya vita, msimamizi lazima amwambie udhaifu wake mmoja wa kweli.

Sasa kuhusu dai kwamba kamati ilijiamulia. Mkutano wa Machi ulihudhuriwa na wanachama 9, wa Aprili 11, na akidi yetu ni 21. Katiba inairuhusu kamati kuamua akidi ikikosekana mara mbili. Nimepitia daftari la mahudhurio: wengi wa waliopiga kelele Juni hawakuwepo Machi wala Aprili. Inasikitisha mno kuitisha watu, kulipia ukumbi, kisha kukaa na viti vitupu.

Fedha nazo ni hivyo hivyo. Tuko 41, ada ni shilingi 1,200 kwa mwaka. Waliomaliza ni 17, yaani 20,400, na waliolipa kidogo kidogo wametoa 6,300. Jumla 26,700. Ukumbi ulikula 14,400, dadu na karatasi 5,150, uchapishaji wa kadi zilizolalamikiwa 4,800. Tumebaki na 2,350, huku tukidai wanachama 22,500. Wanaosema kadi zimefilisisha chama wafanye hesabu hiyo.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akitujalia, kualika wachezaji wa Nakuru na Kakamega, kupata ukumbi mkubwa zaidi, na kuongeza kadi za wapiga mishale na wapanda farasi kadiri hali itakavyoruhusu. Kadi zilizopo zitaendelea kutumika mezani hadi mkutano wenye akidi uamue vinginevyo. Mweka hazina amekaa mlangoni na daftari lake, na anapokea ada leo.

Mwenyekiti