Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeogopa Desemba

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Uliniambia kwenye simu kwamba hutakwenda kanisani mpaka Noeli ipite, kwa kuwa tangu tumzike shemeji huwezi kusimama katikati ya watu wanaoshangilia. Ninakujibu hadharani kwa sababu wapo wengi wenye msiba kama wako ambao mwezi huu unawatisha.

Angalia jinsi Kanisa lenyewe linavyoingia katika Majilio, kipindi cha Dominika nne za kuingojea Noeli: padre anavaa zambarau, maua altareni yanapunguzwa, na wimbo wa Utukufu kwa Mungu hauimbwi katika Dominika zote nne. Aleluya inabaki, tofauti na Kwaresima ambapo hata hiyo huondolewa. Hakuna anayekudai shangwe usiyokuwa nayo.

Injili ninayotamani uisikie ni ya Dominika ya tatu, Mwaka A katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, kutoka Mathayo 11. Yohana Mbatizaji, aliyewaonyesha watu Kristo kule Yordani, yumo gerezani mwa Herode, katika ngome ya Machaerus mashariki ya Bahari ya Chumvi kama anavyosimulia Yosefo, mwanahistoria Myahudi, na kutoka humo anawatuma wanafunzi wake wakaulize: “Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?” Yesu hamkemei. Anamjibu kwa maneno yanayotoka kwa Isaya, kwamba vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa Habari Njema, ila ahadi moja ya nabii huyo haitaji, nayo ni kufunguliwa kwa wafungwa. Yohana hakutoka, alikatwa kichwa humo humo. Hata hivyo, wajumbe walipokwisha kuondoka, Yesu aliwaambia makutano kwamba katika wote waliozaliwa na wanawake hakuna aliye mkuu kuliko yeye. Sifa hiyo ilikuja baada ya lile swali, na jambo hilo hunitia nguvu sana.

Padre Alfred Delp, Mjesuiti wa Ujerumani, naye aliandika tafakari zake za Majilio Desemba 1944 katika gereza la Tegel, Berlin, akiwa amefungwa pingu, akanyongwa 2 Februari 1945.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba uchungu utakwisha ifikapo Noeli. Ninachokiamini kwa moyo wote ni kwamba Yule tunayemuuliza anasikia, na kwamba atarudi kuwafufua wafu, shemeji akiwa miongoni mwao. Ndiyo maana masomo ya mwanzo wa Majilio yanatazama zaidi ujio wake wa pili, na habari za kuzaliwa kwake zinashika nafasi hasa kuanzia 17 Desemba. Watu wengi hukimbilia hori la Bethlehemu mapema mno, na wafiwa ndio wanaoumia zaidi kwa haraka hiyo.

Dominika ya tatu nitapita kwako kabla ya Misa ya kwanza. Ukiwa tayari tutakwenda pamoja, tukae viti vya nyuma; usipokuwa tayari, nitakuja na Biblia, tuisome Mathayo 11 hapo hapo sebuleni, na ulie kadiri utakavyo.

Dada yako.