Ukumbi wa kulenga shabaha Mbeya: tuulize kwanza kuhusu hewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea miongoni mwetu tunaofundisha na kusimamia walinzi hapa Mbeya, kuhusu iwapo ni busara mji wetu kuwa na ukumbi wa ndani wa kulenga shabaha. Wanaounga mkono wana hoja nzito, nami ni mmoja wao. Hata hivyo, inanisikitisha kuona pande zote mbili zikibishana juu ya kelele, uhalifu na risasi zinazopotea, huku hatari iliyo kubwa kuliko hizo zote, yaani hewa watakayovuta watu waliomo ndani ya ukumbi huo, ikitajwa na wachache mno.

Faida zipo, na ni za kweli. Mlinzi anayekaa mlangoni pa benki au kwenye ghala la mbolea akiwa na shotgani begani, mara nyingi alifyatua risasi kwa mara ya mwisho siku alipomaliza mafunzo yake. Nimewaona wanavyoishika silaha wanapoletwa kwetu kunolewa upya: kidole kiko kwenye kifyatulio wakati hakuna kinacholengwa, mtutu unaelekea miguuni mwa mwenzake, na akiambiwa atoe risasi iliyomo kwenye chemba mikono inamtetemeka. Kijana huyo hana uzembe wowote. Amekosa tu mahali pa kufanyia mazoezi. Viwanja vya shabaha tulivyovizoea ni vya wazi, vimo mikononi mwa majeshi, na raia hawezi kuvifikia bila kibali. Tena mvua zetu zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei huharibu ratiba yoyote ya mazoezi. Ndani ya ukumbi mwanga hauyumbi, umbali umepimwa, mkufunzi amesimama hatua mbili nyuma ya mwanafunzi, na risasi iliyokosa shabaha inaishia kwenye mtego wa sahani za chuma zilizoinamishwa au wa chembechembe za mpira, badala ya kuvuka tuta na kuangukia kwenye shamba la viazi la mtu.

Niseme pia kwamba ukumbi wa ndani hautoshi kila hitaji. Kumbi nyingi zina urefu wa mita 25 hivi, unaofaa kwa bastola na shotgani za walinzi, lakini mkulima anayemiliki bunduki ya masafa marefu atahitaji kiwanja cha wazi kama kawaida.

Sasa nije kwenye hewa. Risasi nyingi zinazouzwa zina kiini cha madini ya risasi, yale yale yanayopatikana kwenye betri za magari. Pia kwenye kitako cha ganda la risasi kuna kidonge kidogo cha mlipuko ambacho hupigwa na pini ya bunduki ili kuwasha baruti, na katika risasi za kawaida kidonge hicho nacho hutengenezwa kwa kemikali yenye madini hayo. Kwa hiyo kila mara mtu anapofyatua, moshi unaotoka mtutuni, mbele ya uso wake, hubeba vumbi la madini ya risasi ambalo ni laini kiasi cha kuingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Aliyewahi kupitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu baada ya mazoezi anaujua weusi ule unaobaki kwenye kitambaa. Mwingine wa aina hiyo umetua kwenye nywele, mikono, viatu na nguo zake. Kwenye kiwanja cha wazi upepo unautawanya moshi huo, ingawa udongo wa tuta nao huchafuka kadiri miaka inavyopita. Ndani ya kuta nne moshi hauna pa kwenda, isipokuwa pale mashine inapouondoa.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba hakuna kiwango cha madini haya kinachojulikana kuwa salama mwilini. Kwa mtu mzima yanapandisha shinikizo la damu, yanaharibu figo na kudhoofisha uzazi. Kwa mtoto yanadumaza ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Yakishaingia mwilini hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Marekani, ambako kumbi hizi ni nyingi, taasisi ya serikali inayotafiti usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari maalumu kuhusu kumbi za ndani za shabaha mwaka 2009, ikieleza jinsi wakufunzi na wafanyakazi wanavyodhurika kwa madini haya na kwa kelele. Mwaka 2016 gazeti la The Oregonian la mjini Portland lilifichua kwamba majengo mengi ya jeshi la akiba la nchi hiyo, yaliyokuwa na kumbi za shabaha ndani yake, yalikuwa yamejaa vumbi hilo, na kwamba vumbi lilikuwa limesambaa hadi kwenye vyumba ambamo raia walifanyia shughuli zao, watoto wakiwemo. Nataja mfano huo kwa makusudi, kwa sababu nasi tuna desturi ya jengo moja kufanya kazi nyingi: leo semina, kesho kikao cha harusi, Jumapili ibada. Jengo lililotumika kwa shabaha lisirudishwe kamwe kwenye matumizi hayo kwa kupigwa deki na kupakwa rangi tu.

Dawa ya tatizo hili inajulikana na haina uchawi wowote. Hewa safi inapaswa kuingizwa kutoka nyuma ya mpigaji, ipite kando ya mwili wake kwa mwendo ulio sawa kuanzia sakafuni hadi darini, iende mbele kuelekea shabaha, kisha ifyonzwe na kuchujwa kabla ya kutolewa nje. NIOSH inapendekeza mwendo wa takriban mita 0.38 kwa sekunde kwenye mstari wa kufyatulia. Mwendo huo unaonekana mdogo, lakini kuudumisha katika upana wote wa ukumbi kunahitaji mafeni makubwa, na mafeni hayo yanakula umeme. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mwezi Julai, baridi ya Uyole inapouma hadi kwenye mifupa, mwenye ukumbi atashawishika kupunguza kasi ya feni ili wateja wasitetemeke. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, atashawishika kuwaacha wamalizie risasi zilizobaki kwa mwanga wa jenereta ndogo isiyoweza kuzungusha mafeni. Na hewa inayotolewa nje bila kuchujwa itatua wapi, katika mitaa iliyosongamana kama ya Mwanjelwa na Kabwe, ambako watu wanakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati?

Kelele sitaitumia maneno mengi. Mlio wa bastola hupita desibeli 140, ambacho ndicho kiwango ambacho mlio wa ghafla haupaswi kukivuka sikioni, na ndani ya kuta mlio huo unajirudia. Kila aliyemo avae vizibo vya masikio pamoja na vifuniko vya juu yake, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Anayenihangaisha zaidi ni mfanya usafi. Mteja atakaa nusu saa na kuondoka. Mkufunzi analipwa na pengine anaelewa. Lakini mama atakayepewa fagio jioni akusanye maganda na kufagia sakafu kavu ataurudisha hewani moshi wa siku nzima, atauvuta, kisha atarudi nyumbani na khanga ile ile na kumbeba mwanawe. Sakafu ya ukumbi wa shabaha haifagiliwi kwa fagio. Inasafishwa kwa mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio maalumu, au kwa maji yanayokusanywa na kutupwa kama taka hatarishi. Vivyo hivyo mabaki ya risasi yanayotolewa kwenye mtego yasiuzwe kiholela kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao wanaweza kuyayeyusha kwenye sufuria uani, watoto wakiwa pembeni.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri, kwa Jeshi la Polisi linalosimamia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na kwa NEMC, baraza la usimamizi wa mazingira, ni kwamba, siku maombi ya ukumbi wa aina hii yatakapofika mezani, mchoro wa mfumo wa hewa ukaguliwe kabla ya mchoro wa mlango na wa kabati la silaha. Mwombaji aoneshe jinsi ufyatuaji utakavyosimama mara tu mafeni yanaposimama. Wafanyakazi wote wapimwe damu kabla ya kuanza kazi na wapimwe tena kwa vipindi vinavyojulikana, kwa gharama ya mwajiri, ambaye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 tayari inamtwika wajibu wa kulinda afya zao. Wajawazito na watoto wasiruhusiwe kuingia. Chakula kisiuzwe humo, na kuwe na sehemu ya kunawa na kubadilisha nguo kabla ya kutoka.

Mwekezaji asiyemudu gharama hizo ana njia nyingine ya heshima. Mashindano ya Olimpiki yana michezo ya bunduki na bastola za upepo kwa umbali wa mita 10, ambazo hazitumii baruti wala kidonge cha mlipuko, na kuna risasi ndogo za silaha hizo zilizotengenezwa kwa madini mengine. Ukumbi wa namna hiyo unaweza kumfundisha mlinzi kushika silaha, kuvuta pumzi, kulenga na kubana kifyatulio kwa utulivu, akabakiza mazoezi machache tu ya risasi za moto kwenye kiwanja cha wazi chini ya usimamizi wa polisi. Mimi ningeanza na huo.

Mkufunzi wa walinzi,
Uyole, Mbeya