Barua ya wazi kwa Mheshimiwa uliyetuahidi pale Mpunguzi: saini ile barua

Mheshimiwa,

Salamu na heshima zitangulie. Jina lako na la ofisi yako sitayaandika hapa, maana sikuja kukuchafua. Wewe unajijua, na waliokuwepo siku ile wanakujua. Barua nne nimezileta kwa utaratibu, zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Hii ya tano naiandika hadharani, kukuomba usaini barua ya utambulisho ili mdogo wangu na mimi tukashindane kwenye mbio za magari za Safari Rally, huko Naivasha, Kenya.

Jumanne iliyopita nilidamka Nkuhungu, nikapanda daladala mbili hadi ofisini kwako Mtumba, nikafika getini saa mbili kasoro. Ilikuwa mara ya kumi na moja. Nilikaa kwenye benchi hadi saa saba mchana. Dada wa mapokezi, ambaye hana kosa lolote na amekuwa akinihurumia, alipiga simu, akasikiliza, kisha akaniambia taratibu: "Kaka, faili lenu limerudi masjala. Ndani hakuna dokezo lolote." Miezi saba, Mheshimiwa. Faili limepanda juu, limeshuka, na kalamu yako haijaligusa.

Nikiwa bado kwenye benchi lile lile, simu ikaita. Alikuwa mfadhili wetu, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa mjini. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba wenzake wamechoka kusubiri, kwamba bila barua ya utambulisho kutoka kwako hawako tayari kutoa fedha, na mwezi huu ukiisha fedha ile inakwenda kwenye kazi nyingine. Nilimjibu, "Nimekuelewa, mzee," nikakata simu, na nikashindwa kusimama.

Nikukumbushe ulichosema, maana huenda mambo ni mengi. Ilikuwa Juni mwaka jana, siku ya mbio, huku Mpunguzi kwenye mashamba ya zabibu. Mdogo wangu, ambaye ndiye dereva, na mimi msoma ramani wake, tulikuwa tumemaliza hatua ya mwisho na shokapu ya kushoto imekufa kilomita nyingi nyuma. Mimi nilikuwa natema vumbi. Wewe ulishuka kwenye gari lako, ukamshika mdogo wangu bega mbele ya kamera na mbele ya mama yetu, ukasema: "Binti, mwakani utapeperusha bendera yetu Naivasha. Sisi tuko nyuma yako." Watu wakapiga vigelegele. Mama alilia. Mpaka leo jirani akimuuliza mwanawe anafanya kazi gani, anaanza na maneno hayo yako.

Mheshimiwa, najua unapata ushauri kutoka kwa watu wengi, na inawezekana kuna aliyekuambia kwamba tunachoomba ni makuu, kwamba vijana wa gereji wa Dodoma wanataka kushindana na bingwa wa dunia kama Sébastien Ogier. Sivyo. Ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rally, WRC kwa kifupi, una madaraja. Juu kabisa kuna magari ya Rally1 ya makampuni makubwa. Chini yake, wikiendi hiyo hiyo, barabara hizo hizo, saa hiyo hiyo ya kusimamia muda, kuna ubingwa wa WRC2, wa WRC3 na, katika baadhi ya mashindano, wa vijana, Junior WRC. Kila daraja lina bingwa wake na pointi zake. Sisi tunaomba kuingia WRC3 kwenye Safari Rally. Mashindano mamoja tu, na karibu na nyumbani.

Madaraja haya ndiyo ngazi. Sébastien Loeb, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara 9, alianza kwa kushinda daraja la vijana mwaka 2001. Ogier alilishinda mwaka 2008. Elfyn Evans aliupata ubingwa wa vijana mwaka 2012, na mwaka 2025 akashinda Safari yenyewe. Kalle Rovanperä alishinda kwenye WRC2 Pro, tawi la WRC2, mwaka 2019, na miaka 3 baadaye akawa bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 22. Hakuna kati yao aliyeruka ngazi. Na daraja la vijana lina kikomo cha umri, Mheshimiwa. Mdogo wangu ana miaka 26. Miezi saba ya masjala kwake si kitu kidogo.

Angalia majirani zetu. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Wakenya hawakuridhika na kuwa wenyeji tu. Vijana wao wakatafutiwa Ford Fiesta za Rally3, magari ya daraja la WRC3. Februari 2022 McRae Kimathi akaenda Sweden, kijana aliyezoea vumbi la Afrika, akaendesha kwenye theluji. Mwaka huo huo dereva wa kike wa Kenya akashinda WRC3 pale Naivasha, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika daraja hilo, na Karan Patel akawa bingwa wa Afrika. Mdogo wangu aliyafuatilia matokeo yale kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, tukiwa chini ya gari, mikono imejaa grisi. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Kaka, hawa wametuzidi nini?" Wakati ule sikuwa na jibu. Leo ninalo: wamepewa barua.

Na sisi si wageni wa mchezo huu, hilo ndilo linaloniuma. Safari ilipoanza mwaka 1953 ilikuwa ya Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi zote tatu. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, Bert Shankland, na Peugeot 404, miaka 2 mfululizo. Aliyekaa kiti cha pili alikuwa Chris Rothwell. Jina hilo la pili watu hawalikumbuki, mimi nalikumbuka kwa sababu kiti hicho ndicho changu. Tanzania imewahi kushinda Safari, Mheshimiwa. Leo tunashindwa kupeleka gari moja kwenye daraja la tatu.

Huenda utauliza kwa nini tusiende na gari letu. Letu ni Subaru Impreza ya kundi N, yaani gari la kawaida lililorekebishwa kidogo kwa mbio, tumeijenga wenyewe, roli keji, fremu ya chuma ya kutulinda gari likipinduka, imechomelewa Chang'ombe hapa hapa. Zamani ingekuwa na mahali pake: kulikuwa na ubingwa wa magari ya namna hiyo, PWRC, uliotawaliwa na Subaru na Mitsubishi. Ulimalizika mwaka 2012. WRC3 ya sasa ni ya Rally3 peke yake, kama ile Fiesta: injini ya lita 1.5 yenye turbo, silinda 3, magurudumu yote manne yanavuta. Fiesta hiyo ilipotoka ilikuwa kama euro 100,000, na sisi hatujawahi kuomba kununuliwa gari. Tunakodi. Fedha ya kukodi ndiyo iliyo kwa mfadhili, na mfadhili anasubiri karatasi moja.

Naomba nikueleze tulivyofika hapa, maana nahisi pale ofisini kuna anayeamini kwamba huu ni mchezo wa matajiri na wenye shida hauwahusu. Sina ushahidi, lakini kila nikieleza naona nyuso zinavyobadilika. Mimi niliuza kiwanja changu cha Nala. Kwa fedha ile tulinunua helmeti mbili, nguo zisizoshika moto, na mikanda ya viti iliyotumika. Mikanda ile ina lebo ndogo nyeupe iliyoshonewa pembeni, na kwenye lebo umeandikwa mwaka wa mwisho wa kutumika. Mkaguzi akikuta mwaka umepita, huingii barabarani hata ukimpigia magoti. Lebo yetu inasema mwaka huu. Jioni nikifunga gereji huwa naigeuza lebo ile na kuisoma tena, kama kwamba maandishi yatabadilika.

Na nina daftari. Ni daftari la kaunta, jalada gumu, nimelifunga kwa mpira wa tyubu. Ndani yake nimeandika notsi za barabara zote tulizofanyia mazoezi, Mpunguzi, Hombolo, kuelekea Kondoa: "Mia moja, kulia nne, tuta, kaa katikati, kushoto mbili inabana, usikate, jiwe." Jiwe hilo lipo kweli, chini ya mbuyu, limeshavunja rimu zetu mbili. Mdogo wangu hasomi barabara, anaisikia kutoka kinywani mwangu. Nikichelewa neno moja tunaingia korongoni. Tumejizoeza kwenye mchanga unaomeza tairi nusu, kwenye vumbi ambalo gari likipita husimama hewani kama ukuta, na tulifanya hivyo makusudi. Naivasha magari ya daraja letu huondoka nyuma ya wakubwa, wakati barabara imeshachimbwa na vumbi laini limejaa kwenye mitaro ya matairi. Siku hizi Safari inakuja Machi, mvua zinaweza kugeuza vumbi lile tope. Dodoma inatufundisha yote mawili. Kurasa za mwisho za daftari sijaziandika. Nimeziwekea Kedong na Sleeping Warrior, hatua za Safari.

Mheshimiwa, barua ya kwanza niliomba mambo mengi. Niliomba nafuu ya ushuru wa vipuri, niliomba mashindano ya taifa yapewe nafasi kubwa zaidi huku kanda ya kati, niliomba vijana wapelekwe kujifunza. Bado naamini yote hayo ni ya haki, na aliyetuahidi Mpunguzi alituahidi makubwa kuliko hayo. Lakini sina tena muda wa kuyadai. Nimeyaacha yote. Nabaki na barua ya utambulisho, ukurasa mmoja, ambayo tuliichapa wenyewe ili usipate kazi ya kuandika. Inasema vijana hawa ni Watanzania, wanakwenda Safari Rally kushindana kwenye WRC3, na ofisi inawatambua. Haina shilingi hata moja ndani yake. Inahitaji saini na muhuri.

Kama kuna kosa kwenye maombi yetu, tuambie kosa, tutarekebisha usiku huo huo. Kama umebadilisha mawazo, tuambie hivyo pia, kwa maandishi, ili nimwambie mama aache kuyarudia maneno yako. Kunyamaza ndiko kunakotumaliza. Mdogo wangu ameacha kuniuliza nikirudi kutoka Mtumba. Siku hizi ananiangalia miguuni tu, akiona vumbi la safari bila bahasha anarudi chini ya gari.

Saini ile barua, Mheshimiwa. Nakuomba kwa heshima zote nilizobaki nazo. Saini ile barua.

Faili ni la kaki, mgongoni kuna namba niliyoandikiwa na masjala kwa kalamu nyekundu, na barua yenyewe ndiyo karatasi ya juu kabisa. Jumatatu saa mbili kamili nitakuwa kwenye benchi lile lile, mkono wa kushoto ukiingia. Nitakuja na mdogo wangu.

Wako mtiifu,
Msoma ramani, Nkuhungu, Dodoma