Karo ya mdogo wako

Likoni, Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti uliniingia Alhamisi, nikausikiliza mara mbili, kisha nikakaa nao siku tatu bila kukujibu. Uniwie radhi. Uliniuliza neno moja tu: pesa za karo unazomtumia mdogo wako zinafika chuoni au hazifiki? Hazifiki, yakhe. Muhula wa kwanza zilifika. Wa pili ikafika nusu. Huu wa tatu haikufika hata senti, na ameniambia kwa kinywa chake, ameketi kwenye kiti cha plastiki hapa kwenye kibanda changu cha M-Pesa, machozi yakimtoka.

Si bangi, si unga. Ni kubeti. Nakutajia mapema maana najua akili ya mtu aliye mbali inavyokwenda mbio.

Alianza na mpira. Aliweka shilingi 50 kwa timu nne, akapata kama elfu mbili, na huo ndio uliokuwa mkosi wake. Lau timu zile zingemchomea siku ile ya kwanza, huenda angeachana nao. Kisha ikaja jakpoti ya mechi 17. Juzi nilichukua kalamu nikampigia hesabu nyuma ya risiti: kila mechi ina matokeo matatu, kwa hiyo mechi 17 zinaweza kuisha kwa namna zaidi ya milioni 129. Akaitazama ile karatasi, akasema, "Lakini wapo walioshinda." Wapo kweli, na picha zao wameshika hundi kubwa kama mlango tumeziona sote.

Sasa hata mpira haungoji. Kuna mchezo wa ndege: kindege kinapaa kwenye skrini, pesa inajizidisha, nawe ubonyeze kabla hakijatoweka. Raundi moja ni sekunde chache. Unamkumbuka yule wa pata-potea tuliyekuwa tukimtazama tukitoka shule? Jioni alikunja meza yake akaenda kulala. Huyu wa sasa halali. Yumo mfukoni mwa mtoto saa tisa za usiku, na M-Pesa iko papo hapo kwenye simu ileile.

Wala usinione mimi mtakatifu. Mwaka 2016 nilikula floti ya kibanda, yaani pesa za kuendeshea kazi, elfu kumi na nne wikendi moja, nikamwambia mama watoto nimechopolewa kwenye feri. Mpaka leo anaiogopa feri kwa uongo wangu. Na hata baada ya kuacha, mkono wangu umo. Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi ndizo saa zangu nzuri za biashara. Vijana wanakuja na noti ya mia, wengine ya hamsini, "Niwekee, mzee." Wanaoweka akiba nawajua, na hawaji saa zile. Pesa inakokwenda naifahamu, na kamisheni naila.

Ndiyo maana mtu akiniambia mdogo wako amekosa adabu, namkubalia nusu. Sheria ya kamari tuliyoitumia hapa Kenya hadi 2025 ilitungwa 1966, enzi za kasino na bahati nasibu ya karatasi. M-Pesa ikaja 2007, kamari ikahamia kwenye simu, sheria imelala. Serikali ilipoamka ikaamkia kodi. Mwaka 2018 ulianza kampuni zikitozwa asilimia 35 ya mapato yao. Kampuni moja iliyokuwa ikidhamini mpira ikafunga mkoba, Gor Mahia na Ingwe (AFC Leopards) wakaachwa kwenye mataa, na mwaka haujaisha kodi ikateremshwa hadi 15. Mwaka 2019 kampuni 27 zikanyimwa leseni, na kila dau likawekewa ushuru wa asilimia 20. Mwaka uliofuata ushuru huo ukafutwa. 2021 ukarudi kwa 7.5, 2023 ukawa 12.5, mwisho wa 2024 ukafika 15, kisha 2025 wakaushusha hadi 5 na kuuhamishia kwenye pesa unayoingiza kwenye akaunti. Hata bei ya nyanya sokoni Kongowea haiyumbi hivyo. Na katika kupanda na kushuka kote huko, swali lilikuwa Hazina itapata ngapi. Hasara ya mdogo wako ni fungu katika bajeti ya nchi, na mimi sijui nani mle ndani atakayefurahi siku akiacha.

Haya, 2025 walisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti rais akatia saini sheria mpya yenye mamlaka mpya ya usimamizi. Siwabezi, ila nangoja nione. Waingereza wenyewe, klabu za Ligi Kuu yao zilikubaliana 2023 kuondoa majina ya kampuni za kamari kifuani mwa jezi kuanzia msimu wa 2026/27. Jezi za zamani bado zitavaliwa na watoto wetu miaka kumi, wewe unajua mitumba.

Sasa la kufanya. Nimekwenda naye chuoni. Watapokea karo kwa awamu, na nimechukua namba ya akaunti yao ya benki. Tuma huko moja kwa moja, kwake usitume tena hata ya nauli. Nauli nitampa mimi mkononi. Deni la mikopo ya simu ni elfu tisa na kidogo, hilo tuliache alipe mwenyewe polepole. Laini yake amenikabidhi, iko kwenye droo yangu. Najua anaweza kununua nyingine kesho asubuhi, naye anajua kwamba najua. Jumamosi mchana, saa za mechi, atakuja kuniandikia daftari la miamala. Usinicheke kwamba nimemweka karibu na floti. Ufunguo ninao mimi, na afadhali awe mbele ya macho yangu.

Mamako hajaambiwa. Hilo nakuachia wewe.

Nipigie Jumatano baada ya isha, saa za huko na za hapa ni moja. Jumamosi usipige, nitakuwa naye.

Wako wa kibandani