Tuonyesheni mirathi, makofi tumeyaona

Mhariri,

Kila ikikaribia Novemba 25, Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia hutuletea huku wilayani gari lenye spika, turubai na filamu. Hilo ni jambo jema, kwa sababu mbele ya turubai utawaona wanaume ambao kwenye semina hawakanyagi. Tatizo ni filamu zenyewe. Mume mlevi, kofi, mke analia, jirani anakimbilia polisi, pingu, mwisho. Watu wanatoka wakijua walichokuja nacho. Kwamba hakuna mila inayompa mtu haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, Sheria ya Ndoa ilishatamka katika kifungu cha 66 tangu mwaka 1971.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na wengi wanaonijia ni wajane ambao hawakuguswa hata kwa fimbo. Mjane yuko ndani, eda ya miezi minne na siku kumi. Huku nje shemeji anazunguka na kadi ya pikipiki, hati ya shamba na simu ya marehemu yenye pesa. Mjane akitoka na kuuliza, anajibiwa kwamba ukoo umeshakaa. Huo nao ni ukatili, ila hauachi alama ya kupigwa picha, na nadhani ndiyo maana wenye kamera wanaupita.

Wazimbabwe hawakuupita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walitoa filamu ya Neria: mume anakufa ajalini, ndugu yake anabeba gari, akiba ya benki na nyumba huku akisema ndiyo mila. Wengi tunamkumbuka mwanamuziki Oliver Mtukudzi kwa wimbo wake wa filamu hiyo tu, lakini filamu ile inamfuata mjane mpaka kwa wakili, kisha mahakamani, na anashinda. Mtazamaji anauona mlango wa kuingilia.

Ya kwetu ingekuwa na milango yetu. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinamnyima mjane fungu ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Wajane wawili wa Shinyanga, washonaji wa nguo, walilifikisha suala hilo kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema nchi yetu imevunja haki zao. Kwa Mwislamu hesabu inajulikana, thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto na robo ikiwa hakuacha, lakini nimekutana na wajane ambao hata thumuni hiyo hawakuwahi kutajiwa.

Basi filamu ituonyeshe mambo ya kawaida kabisa: cheti cha kifo kinavyotafutwa, kikao cha ukoo ambacho mjane ameketi kikaoni badala ya kuachwa jikoni akichemsha chai ya wajumbe, muhtasari wake unavyopelekwa mahakama ya mwanzo, na pingamizi linavyowekwa. Shemeji aseme kwa kujigamba, "Mimi ndiye msimamizi," ameshampata na mnunuzi wa shamba, halafu hakimu amwambie kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi. Maneno hayo yakitoka kinywani mwa mwigizaji anayependwa yatafika mbali kuliko vipeperushi vyote tunavyogawa.

Na filamu hiyo ipelekwe kibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mtaani, maana ndiko waliko mashemeji. Awepo mtafsiri wa kusimama pembeni na kuongea juu ya picha, kwa mtindo aliotuzoesha Lufufu, mtafsiri wa filamu za video. Mtafsiri hodari husimamisha picha na kuuliza, "We shemeji, kadi ya pikipiki unaipeleka wapi?" na kibanda kizima kikamjibu. Hapa Korogwe, kule Vugiri, Waingereza walitengeneza filamu za kuelimisha Waafrika kati ya 1935 na 1937, zikazungushwa kwa lori Afrika Mashariki: minyoo, akiba ya posta, kilimo. Sauti ilitoka kwenye santuri, na santuri haiulizwi swali. Miaka karibu tisini baadaye gari la Siku 16 nalo huzima jenereta filamu ikiisha, kabla mtu hajanyoosha mkono.

Ombi langu ni kwa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaokopesha wasanii: utenge fungu kwa ajili ya filamu moja ya mirathi. Mwandishi wa muswada asianze na kompyuta. Aende kwanza mahakama ya mwanzo yoyote siku ya mashauri ya mirathi, akae benchi la nyuma, asikilize. Akihitaji mtu wa kumsomea muswada upande wa sheria, wasaidizi wa kisheria tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 tupo wilayani, na kazi hiyo hatuitozi fedha.

Msaidizi wa kisheria,
Korogwe, Tanga